Busaa ya Kukhu katika Fleti ya Najma

Nyuma ya jengo ninaloishi hapa Najma kuna tanuri la mikate, na kila asubuhi mwenyewe huacha mlango wa nyuma wazi ili joto litoke. Mimi hupita pale nikitoka zamu ya usiku hospitalini, miguu imevimba, macho yanawasha, sina hamu ya kusalimiana na mtu. Harufu hunikuta kwenye kona: unga uliolowekwa, umeanza kuchacha, ukali kidogo, utamu kidogo. Wengine wakinusa harufu hiyo huwaza mkate. Mimi huwaza busaa, pombe ya nafaka ya kwetu. Huwaza nyanya yangu mzaa baba, tuliyemwita Kukhu kama wanavyoitwa nyanya wote kwetu Bungoma, amepiga magoti bafuni, sikio ameliegemeza kwenye ndoo, anasikiliza.

Naam, bafuni. Na naam, hapa hapa Doha. Msinitolee macho, nitaeleza, ila nitaeleza polepole, maana nimechoka na leo sitaki kukimbizwa na mtu yeyote.

Tuliishi mtaa huu huu nilipokuwa mtoto, kwenye fleti ya vyumba viwili iliyokuwa na mende wengi kuliko viti. Mama alikuwa muuguzi, na ni kazi yake iliyotupatia viza ya familia. Baba alikuwa dereva wa nyumba moja ya wenyeji. Aliwapeleka watoto shule, akampeleka Madam dukani, kisha akangoja. Ukweli ni kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kungoja, na alikuwa na simu iliyoweza kulia saa yoyote, akaruka kabla hajamaliza tonge. Nyumbani Kenya mimi nilikujua kwa masanduku tu. Mgeni akitoka huko, sanduku likifunguliwa, unapata omena, majani ya chai na unga wa wimbi, vyote vimeviringishwa ndani ya sweta kuukuu, na fleti nzima inanuka kwetu kwa siku kadhaa.

Baba alikuwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja, Wekesa, baba yangu mdogo. Naye alikuwa Qatar vilevile, askari wa kulinda shamba kule Umm Salal. Kwa gari si mbali hata kidogo. Lakini hakuwahi kukanyaga kwetu, na jina lake likitajwa mezani, baba alianza kutafuta chumvi hata kama iko mbele yake.

Kisa chenyewe tulikijua sote, hata mimi. Babu alipofariki, baba hakwenda kumzika. Alipiga simu nyumbani akasema mwajiri amemnyima ruhusa, na siku hizo usingeweza kutoka nchi hii bila mwajiri kukubali. Wekesa, ambaye alikuwa bado Bungoma, alichimba, akabeba, akafukia, kisha akasimama mbele ya waombolezaji akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo yeye hana kaka. Baadaye maisha yakamsukuma naye hadi huku. Alianza kwa kusafisha sakafu za hoteli, halafu akapata ulinzi, na muda wote huo hakumpigia baba simu. Nchi hii ni ndogo, unaweza kuimaliza kwa gari kabla tumbo halijadai chakula cha mchana, lakini wawili wale waliishi ndani yake kama watu walio mabara mawili.

Basi likizo moja ya kiangazi, joto limepamba moto, Kukhu akaja kututembelea. Mama alidhani amekuja kuona wajukuu. Jioni ile ile ya kwanza, tulipokwisha kula, Kukhu alikunja miguu juu ya kochi, akasema wazi alichokuja kufanya.

"Nimekuja kuwanywesha wanangu chungu kimoja. Nikifa kabla hawajanywa, mtakuwa mmenizika na aibu yangu."

Inafaa niwaeleze. Kwetu ndugu waliokosana hawapatanishwi kwa maneno, kwa sababu maneno ndiyo yaliyowakosanisha. Mzazi hupika busaa, anaiweka chunguni, anawaita. Kila mmoja anakuja na mrija wake mrefu. Mzazi anamimina maji ya moto juu ya pombe, anaonja yeye kwanza, kisha wale wawili wanainama na kunywa kwa pamoja, vichwa karibu kugusana. Wakishakunywa, atakayerudia habari ile ndiye mkosaji. Kukhu alikuwa amepika busaa tangu alipoolewa. Alikuwa amepatanisha wana wa watu, waume na wake zao, hata majirani waliogombana juu ya ng'ombe. Wanawe mwenyewe ndio waliomshinda.

Kimea alikuja nacho. Alikuwa ameotesha wimbi yeye mwenyewe, akaukausha, akausaga, akaufunga kwenye mfuko mmoja na unga wa uji. Uwanja wa ndege walipomuuliza ni nini, alisema ni uji, na hakudanganya, kwani uji nao hutiwa kimea. Baba aliposikia nusura aanguke. Alimweleza mama yake kwa unyenyekevu wote kwamba hapa pombe ya kupika nyumbani ni kesi, kwamba tutafukuzwa sote, kazi yake, kazi ya mama, shule yetu, kila kitu kitakwenda na maji. Kukhu alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa huruma kabisa, halafu akauliza sufuria kubwa huwekwa wapi.

Baba aliweza kuendesha gari katikati ya wendawazimu wa barabara za Doha, lakini kumkatalia mamake hakuweza. Na sasa nafikiri kuna kitu ndani yake ambacho hakikutaka kumkatalia.

Kukhu aliloweka unga wa mahindi, akauacha uchache. Ulipokuwa tayari aliukaanga kwenye kikaango kikubwa mpaka ukawa makombo ya kahawia, na mama akazunguka nyumba nzima na chetezo cha udi akijaribu kuifunika ile harufu. Tukanuka kama harusi ya wenyeji iliyofanyiwa Bungoma. Kisha makombo yakaingia kwenye ndoo pamoja na maji na kimea, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa maana busaa si soda. Ni kitu hai. Kwao Kukhu chungu hukaa pembeni, nyuma ya mlango, mahali ambapo jua wala upepo haufiki, na hakuna anayekihamisha. Sisi hatukuwa na pembe ya namna hiyo. Chumbani kulikuwa na kiyoyozi, na baada ya usiku mmoja Kukhu akatangaza kwamba busaa imelala. Akaipeleka roshani. Kabla ya adhuhuri lilikuwa povu tupu, naye akairudisha ndani akiigombeza, eti imekimbizwa na joto, mtu akikimbizwa hivyo hawezi kufika na akili zake.

Mwishowe akaingia bafuni, akabandika kiganja ukutani, akatulia. Wanaoishi Doha wanajua: kiangazi maji ya bomba hutoka kwenye tangi la juu ya paa yakiwa ya moto tayari, hivyo watu huzima hita. Bafu letu halikuwa na kiyoyozi wala dirisha la jua. Lilikuwa na joto la wastani lisilobadilika. Kukhu akasema hapa. Kuanzia siku hiyo tulioga tukitazamwa na ndoo ya busaa iliyofunikwa leso, na yeye alikuja asubuhi na jioni kuisikiliza. Alinionyesha jinsi ya kusikiliza. Ndani mlikuwa na mchapo mdogo mdogo, kama mvua ya mbali juu ya mabati. Akatuonya sote, akiwemo baba, kwamba ndoo isifungwe hata kidogo, leso inatosha, kitu kinachopumua hakizibwi pua.

Kila siku alimpigia Wekesa aje kunywa Ijumaa. Kila siku Wekesa alimwambia kwa heshima kwamba Ijumaa hana ofu, yuko zamu. Kukhu alikata simu, akaendelea na kazi zake. Mimi nilimwonea huruma. Nilimwona mara moja ameketi jikoni na ile mirija ya plastiki ambayo mama alikuwa ameipata kwenye duka la sharubati, kwa kuwa mirija ya kwetu haikuwepo, anaipanga mapajani, mmoja mmoja.

Ijumaa ikafika. Busaa ilikuwa imeiva, Wekesa haji. Tulikwenda kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa, na baba akabaki nyumbani kwa sababu Madam angeweza kumhitaji. Kumbe alibaki na hofu yake. Harisi, yaani mlinzi wa jengo, alipanda kuangalia lifti, akasimama karibu na mlango wetu muda mrefu kuliko lifti ilivyohitaji, na baba akajiaminisha kwamba jamaa ananusa. Alipoondoka, baba akachukua ile chupa kubwa ya maji ya kunywa, ya kupindua juu ya mashine, akaimwagia busaa yote ndani, akaikaza kifuniko, akakizungushia selotepu mpaka ikaisha. Tuliporudi alimnong'oneza mama kwa fahari kwamba sasa hakuna harufu tena. Mama alikuwa ametoka zamu, akaenda kanisani, akarudi, na alikuwa akivua viatu kama mtu anayevua minyororo. Alisema vizuri. Kukhu, joto lilikuwa limemmaliza, akaenda moja kwa moja kulala.

Tulikuwa mezani tunakula samaki wakati bafu lilipolia. Sijui niuiteje mlio ule. Mlango ukifungwa na upepo mkali hutoa sauti ya namna hiyo, ila hapakuwa na upepo. Baba alijua papo hapo, nilimwona usoni. Bafuni busaa ilikuwa imefika darini na sasa ilikuwa inarudi, tone kwa tone. Ilikuwa kwenye kioo, kwenye miswaki, kwenye sare nyeupe ya mama iliyotundikwa ikauke. Chupa ilikuwa imelala ubavuni, imepasuka shingo, na iliyobaki ilikuwa inatiririka chini ya mlango kuelekea kwenye zulia. Harufu ilikuwa nzito kiasi kwamba mdogo wangu alianza kulia bila kupigwa. Mbaya zaidi, mama aliinama pale bomba linapopita sakafuni, akaona inashuka kwa majirani wa chini.

Baba alikaa juu ya sinki la choo. Aliangalia mikono yake. Hapo ndipo, mbele yetu sote, alipotoa simu na kubonyeza namba ambayo hakuitafuta mahali popote. Aliijua kwa kichwa.

"Wekesa. Ni mimi. Njoo."

Akakata. Nilidhani ameita kwa kuwa baba mdogo aliwahi kuwa msafishaji wa hoteli na anajua kuondoa madoa.

Tulipokuwa tukingoja, mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa Kisudani wa chini, amejifunga tobe yake, mtu mzima. Mama alifungua mlango kiasi cha uso mmoja, akaanza kuomba radhi kwa Kiarabu chake cha hospitalini. Yule mama hakumsikiliza. Alifumba macho akavuta hewa. Akasema kwao, Ramadhani ikikaribia, akina mama huotesha mtama na kuuchachusha na kuukaanga kwa ajili ya kinywaji cha kufuturu, na mtaa mzima hunuka hivi, na ni miaka mingi hajainusa. Akauliza kama kuna kidogo kilichobaki. Mama alimwambia kimemwagika chote. Yule mama alisikitika kweli, akatutakia kheri, akashuka ngazi polepole akishika ukuta. Mama alifunga mlango, akauegemea, akacheka kicheko kisicho na sauti mpaka machozi yakatoka, na nadhani hayakuwa machozi ya kicheko peke yake.

Wekesa alifika upesi kuliko tulivyotarajia. Alikuwa na mfuko wa siki, vitambaa na ule mpira wa kukokotea maji sakafuni. Nilikuwa sijamwona kamwe, na nilishangaa kwamba ana masikio ya baba. Nilishangaa pia kwamba mtu aliyekuja kusafisha amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mistari inaonekana mikononi, na viatu vya kung'aa. Mtu asiye na ofu hupata wapi nafasi ya kupiga pasi namna ile? Alikuwa amevaa tangu asubuhi, amekaa kitandani kwake Umm Salal, ameshindwa kuinuka. Hilo sikulijua siku ile.

Hawakusalimiana. Wekesa alitazama dari, akatazama chupa, akatazama selotepu. Alivua lile shati, akalikabidhi kwangu, akapiga magoti. Baba naye akapiga magoti upande wa pili. Wakafanya kazi hivyo muda mrefu, mmoja anakokota, mwingine anakamua, na mimi nabeba ndoo kuzimwaga jikoni. Nilikuwa mlangoni baba aliposema, bila kuinua kichwa:

"Sikuomba ruhusa."

Wekesa aliendelea kukamua kitambaa.

"Mzee alipokufa," baba akasema. "Niliwaambia nimenyimwa. Hakuna aliyeninyima. Nilifika kwenye mlango wa bwana nikarudi kwenye gari. Niliogopa wataniambia niende na nisirudi, na ninyi nyote mlikuwa mnakula kwa ile kazi. Sikuomba, Wekesa."

 Nilisikia matone tu. Mimi nilijua kinachofuata, kwa sababu mama alitufundisha: baba ataomba msamaha, baba mdogo atasema amesamehe, watapeana mikono. Wekesa alisukuma ndoo kwa goti.

"Mimi mwenyewe sijawahi kuomba hata siku ya kwenda kwa daktari," alisema. "Sogea, umekalia maji."

Baba akasogea. Wakaendelea. Ikawa ndiyo hivyo tu.

Kukhu alikuwa ameamka, amesimama ukumbini na leso begani. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Hakugomba, hakulia. Aliingia akaokota ile chupa iliyopasuka, akaitikisa, akakuta chini kumebaki kidogo, pamoja na machicha. Aliimimina kwenye sufuria, akaiweka sakafuni ukumbini, akachemsha maji, akayamimina juu yake. Akaonja yeye kwanza. Akakunja uso, akasema imekufa, imekufa kabisa, lakini nyweni. Wale wanaume wawili wazima, wamelowa, wananuka, wakakaa chini na ile mirija ya sharubati, ambayo ilikuwa mifupi mno, hivyo ikabidi wainame mpaka mapaji ya nyuso zao yakagusana. Walikunywa hadi sufuria ikakauka. Kukhu aliwatazama, akashusha pumzi moja ndefu, akasema sasa anaweza kwenda zake kulala, na akaenda.

Nilikasirika, niwaambie kweli. Nililala nikiona nimedanganywa. Hakuna aliyesema samahani. Kwa akili yangu ya kitoto, baba alikuwa ameungama kosa dogo la shule, kama kutoinua mkono darasani, na sikuona kwa nini ndugu wanyimane maongezi miaka yote kwa jambo kama hilo, wala kwa nini liishe kwa kuambiwa usogee.

Tangu siku hiyo baba mdogo alikuja kila alipopata ofu. Kukhu alirudi nyumbani, akaishi, na alipofariki baba na Wekesa walikuwa wamesharudi Kenya wote wawili, wakamzika pamoja. Mimi nilikwenda kusomea uuguzi, nikarejea hapa hapa, mtaa ule ule, wodi isiyoisha wagonjwa. Nikajifunza kazi ya kungoja.

Wiki hii baba mdogo alinipigia simu. Baba amelazwa Bungoma, figo zimekataa. Hakupamba maneno, alisema nisingoje. Zamu zetu zimejaa, wenzangu wawili wameacha kazi, mkataba wangu uko karibu kuandikwa upya, na kila mtu wodini anajua nani anaandikwa upya na nani anaagwa. Nilikwenda hadi mlango wa msimamizi wetu. Nikasoma kibao chenye jina lake. Mkono ulikataa kuinuka. Nikarudi kituo cha wauguzi nikampima presha mgonjwa ambaye nilikuwa nimeshampima. Nilisimama pale nimeshika mkono wake, nikamwona baba, kijana kuliko mimi nilivyo leo, amekaa ndani ya gari la watu, injini inanguruma, babake amelazwa jenezani, na mlango ule uko hatua chache tu.

Nilirudi nikagonga. Msimamizi wetu, mama wa Kihindi asiye na maneno mengi, hakuniacha nimalize sentensi. Alisema nenda, tutaangalia zamu, mpe baba yako mkono wangu. Jambo zima halikuchukua muda wa kunywa maji. Nilimshukuru, nikatoka, nikafika kwenye ngazi za dharura, nikakaa chini nikalia kwa sauti kama sijawahi kulia tangu utoto.

Sikulia kwa sababu ya figo zake, ingawa hizo nazo zinaniumiza. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeomba nikajibiwa. Yeye aliishi na ule mlango miaka yote hii, na mpaka leo hajui kama siku ile nao wangemwambia nenda.